Kijani Kabla ya Mtoto wa Kwanza

Mimi ni dobi, na sioni haya kusema hivyo. Ninachokionea haya ni kingine, nitakifikia. Kwa miaka kumi na moja nimefua katika zahanati ya wanyama ya mdogo wangu, mtoto wa mama yangu, tumbo moja, ziwa moja. Chumba changu cha kufulia kiko uani, nyuma ya vizimba: sinki mbili za saruji, pipa la maji ya moto, meza ya pasi yenye mguu mmoja mfupi niliouwekea kipande cha kigae, na kamba nne za kuanikia zinazokatiza ua kutoka ukuta hadi ukuta. Nafua mablanketi ya mbwa, taulo za paka waliotoka kupasuliwa, makoti ya daktari, na vitambaa.

Habari hii ni ya vitambaa, kwa hiyo nivieleze. Mbwa jike mwenye mimba hubeba siku sitini na tatu hivi, na wenye mbwa wengi hutuletea zikibaki siku tatu nne. Usiku tunamlaza juu ya kitambaa cheupe kilichokatwa kutoka shuka kuukuu. Cheupe, kwa sababu mbwa hana mdomo wa kusema anaumwa wapi. Kinachosema ni ute unaomtoka nyuma, nao husomeka juu ya cheupe tu. Zahanati ilipokuwa chumba kimoja na kibao cha kuandikwa kwa mkono, tulikuwa wawili, yeye na mimi, na yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. "Dada," aliniambia, "kitambaa cha mwenye mimba usikifue kabla sijakiona." Ute mweupe wa kuvutika, usio na harufu, ni salama, siku zinakaribia. Wa njano unaonuka ni usaha, mna ugonjwa ndani. Damu mbichi ni ya kumwita yeye, hata kama yuko mezani anakula. Kila asubuhi alikuja kuinama juu ya beseni langu, tukasoma pamoja, akaniambia hiki nini na kile nini, na mimi kichwa changu kizito cha darasa la saba kikashika yote.

Kisha akaoa.

Wifi yangu sitamsingizia uvivu. Mwanamke yule ni mchapakazi, na zahanati imekua kwa mikono yake. Alileta vigae, akaleta viti laini, akaleta manukato ya kupuliza hewani ambayo huwapigisha mbwa chafya. Akakaa mapokezi na kucha zake na tabasamu lake, na wateja wakaongezeka. Lakini uchafu wifi hauwezi. Si kwamba anauondoa, hataki uonekane. Mablanketi ya mchana, wateja wanapoingia kuwaona wanyama wao, aliyabadilisha yote yakawa ya rangi ya zambarau iliyokoza. "Haya hayaonyeshi doa, wifi," aliniambia akifurahi, kana kwamba amenipunguzia kazi. Vitambaa vyeupe vya usiku nilivipigania mimi kwa meno, mpaka akaniachia. Asubuhi vikitolewa, wenye mimba wote wanatandikiwa zambarau hadi jioni.

Na kusoma kitambaa kukaisha hivi hivi, bila mtu kukukataza. Daktari alikuwa na foleni. Akaja mara tatu kwa wiki, kisha mara moja, kisha akawa anapita ua mzima na simu sikioni. Nikaanza kumpelekea mwenyewe.

Siku niliyoaibishwa ilikuwa Jumatatu. Mhudumu wa vizimba, tunayemwita Redio kwa sababu habari haikai kwake hata dakika moja bila kutangazwa, aliniletea ndoo ya vitambaa, na kimoja kilikuwa kijani kibichi chenye weusi, kimelowa. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kile. Nilikitia kwenye beseni, nikapita mlango wa ua, nikapita korido, nikatokea mapokezi, watu wamejaa. "Daktari," nikamwita, maana mbele za watu namwita daktari, "hebu ona hiki."

Alikitazama. Kisha akacheka. Alicheka kwa sababu alikuwa amechoka, ninajua hivyo sasa, lakini kicheko ni kicheko.

"Huyu ameshazaa wawili tangu alfajiri," akasema. "Kijani baada ya mtoto wa kwanza ni kawaida, kondo la nyuma linatoka. Kijani kabla ya mtoto wa kwanza, hapo ndipo uje unakimbia. Hapo kondo limebanduka na watoto wamo ndani hawapati pumzi, na dakika zinahesabika."

Mama mmoja mwenye paka kapuni akauliza, "Huyu nani?"

Na mdogo wangu, mtoto niliyembeba mgongoni mama akiwa shambani, niliyefulia watu nguo mpaka ngozi ya vidole ikanitoka ili yeye avae koti jeupe, akamjibu yule mama huku anatikisa kichwa: "Dobi wetu. Kwake kila doa ni msiba."

Watu wakacheka. Wifi akacheka kwa mkono mdomoni, kiungwana. Nikarudi uani na beseni langu. Kesho yake mlango wa ua ukabandikwa karatasi, imeandikwa vizuri kwa kompyuta na kuwekewa plastiki juu: DOBI HARUHUSIWI KUPITA HAPA SAA ZA WATEJA. Tangazo zima kwa mtu mmoja! Redio alinisomea kwa sauti, kana kwamba sijui kusoma, kisha akaniuliza kama nimekasirika.

"Nikasirike kwa lipi?" nikamwambia. "Karatasi ina makosa ya maandishi?"

Lakini moyoni nilikuwa nimechemka kuliko lile pipa. Nilifua siku ile nikiwa nasema peke yangu. Mdharau mwiba, nilisema, mguu huota tende. Sikutaka aombe radhi, radhi ni ya bure, hata kasuku hufundishwa kuisema. Nilitaka siku moja aje mwenyewe hadi uani, amekauka mate kwa hofu, aniulize kitu ninachokijua mimi na yeye hakijui. Nilitaka kumtazama akisubiri jibu. Watu husema hasira hasara. Mimi nilijiuliza, hasara ya nani?

Nikangoja, na wala sikungoja sana.

Fundi saa ni mzee mwembamba mwenye kibanda cha kioo pembeni ya barabara, mlango wa tatu kutoka kwetu. Huvaa kile kioo chake cha kukuzia kwenye paji la uso hata anapokwenda kununua mkate. Anaishi peke yake na mbwa jike wa rangi ya mchanga, masikio makubwa, aliyempa jina la Shangazi, kwa sababu, alisema, akiingia nyumba ya mtu huikagua chumba hadi chumba na hatoki bila kutoa kasoro. Shangazi alikuwa na mimba yake ya kwanza. Daktari alihesabu kwenye picha ya tumbo, wako saba. Fundi saa alishawagawa wote saba kwa mdomo. Mmoja wa binti yake, mmoja wa muuza magazeti, mmoja wa yule anayemtengenezea viatu, na kadhalika, na yule wa saba atabaki na mama yake. Alimtengenezea sanduku la kuzalia kwa mbao za kabati lake mwenyewe, akalipiga msasa mpaka mbao zikawa laini kama shavu, akalileta mgongoni pamoja na mbwa siku ya hamsini na tisa.

Ni yeye peke yake kati ya wateja wote aliyekuja uani kunisalimia. Tangazo lilikataza dobi kutoka, halikukataza mtu kuingia. "Mama," alisema, "yule hulala na soksi yangu. Ukiikuta kwenye nguo za kufua usiitupe." Nikamwambia sitaitupa.

Siku ya sitini na moja, saa mbili kasoro kumi asubuhi, Redio akatua ndoo. Alikuwa ananihadithia ugomvi wa majirani zake, na mikono yake ilifanya kazi bila macho. Alikuwa amevivingirisha vitambaa vyote pamoja kama chapati. Akaondoka bado anasema. Nikavikunjua kimoja kimoja juu ya saruji kama desturi yangu. Cha kwanza safi. Cha pili, ute mweupe wa kuvutika, salama. Cha tatu kilikuwa na soksi ya mwanamume ndani yake, na kilikuwa kijani.

Si tone. Kilikuwa kimelowa upana wa sahani, kijani cha kuiva, kingo zake nyeusi.

Nikachungulia dirisha la vizimba. Shangazi alikuwa amelala ndani ya sanduku lake juu ya zambarau, kidevu juu ya mbao, tumbo lake kama gunia. Mtoto hata mmoja hakuwapo. Alinitazama akapiga mkia mara mbili. Chini yake hapakuonekana kitu, na ndivyo wifi alivyotaka.

Nilijua. Sitaki mtu anipunguzie kwa kusema dobi masikini hakujua. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Mguu wangu mmoja ulikwishatoka nje ya chumba. Nikaliona lile tangazo mlangoni, plastiki inameremeta kwa jua la asubuhi, na mguu ukarudi.

Haruhusiwi kupita hapa saa za wateja. Saa za wateja huanza saa mbili. Ilikuwa imebaki dakika nane nipite kihalali, na mimi nikaziacha zipite. Nikavuta kiti changu nikakaa, kitambaa nimekitia ndoo ya peke yake, nikaifunika. Mwili mzima ukanitulia, raha ikaniingia mpaka kwenye viganja. Mmesema nisipite, sipiti. Nani atanilaumu kwa utii? Atamaliza mzunguko wake, atamwona mwenyewe, atastuka, atauliza kitambaa cha usiku kiko wapi. Atakuja mbio. Nami nitakuwa nimekaa hapa hapa, nitainua kifuniko polepole, nitamwambia, "Hiki hapa, daktari. Kwa dobi kila doa ni msiba." Nililipanga lile neno lote, nikalipiga pasi.

Nilidhani itachukua nusu saa.

Alipita saa mbili na robo. Nilimwona dirishani. Alimpima Shangazi joto, akaangalia kipimo, akamwambia Redio, "Limeshuka. Atazaa leo jioni au kesho." Akampapasa kichwa. Hakuinua blanketi. Halafu wakaleta mbwa aliyegongwa na gari, mguu unaning'inia, akaingia naye chumba cha upasuaji na mlango ukafungwa. Na mimi nikafua makoti.

Saa nne kamili fundi saa akaja. Sina haja ya kukisia, yule mtu hufika saa kamili. Alipitia uani kwa sababu mapokezi palijaa, kioo chake kwenye paji la uso, amebeba kipande cha ini kwenye karatasi. Shangazi hakukila. Alikinusa akageuza uso. Mzee akasimama mbele yangu, hali ndoo iko kati ya miguu yangu.

"Mama, wewe unawaona hawa kila siku," akasema. "Unamwonaje? Mbona kama amepoa?"

Hapo ndipo ningeweza. Hapakuwa na mlango wa kuvuka, hapakuwa na tangazo, hapakuwa na wifi. Alikuwa mtu mmoja mpole ananiuliza swali nililokuwa na jibu lake kwenye ndoo. Lakini jibu lile nilikuwa nimeshalipangia mtu mwingine. Nikimpa huyu, atakwenda kupiga kelele mbele, daktari atatoka, mbwa atapasuliwa, na mimi nitakuwa nimewasaidia tena kupitia mlango wa nyuma, bila mtu kujua. Niliona kama naibiwa kitu changu.

"Muulize daktari," nikasema. "Sisi wa huku nyuma hatuna elimu."

"Daktari yuko kwenye upasuaji."

"Basi msubiri. Huwa hakosei."

Akanishukuru! Aliniambia ahsante, mama, akaenda kukaa kwenye benchi lao la mapokezi. Wifi alimwambia kila kitu kiko sawa, arudi akafanye kazi zake, atapigiwa simu. Akarudi kibandani.

Saa saba Shangazi akaanza kutapika. Redio aliita kwa ile sauti yake, na safari hiyo hakutia chumvi. Daktari alitoka na glovu zina damu ya yule wa mguu, akainua blanketi la zambarau, akaligeuza upande wa chini, na nilimwona anavyobadilika rangi. Saa nane kasorobo alikuwa ameshampasua. Nilisikia maji, vyuma, sauti yake ikimwambia Redio amsugue huyu, haya msugue, mgeuze, msugue tena. Alisema hivyo mara saba. Kisha hakusema tena.

Shangazi alipona. Watoto wote walikuwa wameshakufa tumboni. Redio aliniletea taulo saba ndogo za kufua, na mara hii hakuwa na habari yoyote ya kunihadithia.

Ungedhani ningelainika. Nilijiambia kosa ni la mdogo wangu, aliyeacha kusoma. Ni la wifi, aliyeficha doa. Ni la tangazo. Mimi nilitaka aogope tu, sikutaka wafe, nikajiambia, na nikazifua zile taulo mara mbili mbili. Ndoo ile sikuigusa. Kila kitu cha zahanati ile nilikifua siku hiyo na siku ya pili yake, isipokuwa kitambaa kimoja. Nilikikausha ndani, nikakikunja, nikakihifadhi chini ya meza ya pasi. Niliamka kila asubuhi nikakitazama.

Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, sauti zikasikika mbele. Fundi saa alikuja kumchukua mbwa wake, na alitaka kuelezwa. Redio akaja mbio uani: "Dobi, njoo usikie, unatajwa!"

Nikasimama nyuma ya mlango wenye tangazo. Wateja walikuwa tele. Daktari alikuwa akisema mambo haya hutokea, hapakuwa na dalili yoyote, joto lilishuka kawaida, maumbile hayana mkuu. Alisema kwa upole, na mzee alikuwa anakubali kwa kichwa. Kisha wifi, kwa kutaka kulifunga jambo vizuri, akaongeza: "Tunachunguza pia upande wa kufulia. Inawezekana dobi alizidisha dawa ya madoa kwenye vitambaa. Ile dawa kali, ikimgusa mwenye mimba... Tutachukua hatua."

Tutachukua hatua! Mimi!

Nilirudi chumbani nikachukua kitambaa. Nikaisukuma ile karatasi pamoja na mlango wake, nikapita korido, kandambili zangu zimelowa zinaacha alama juu ya vigae vya wifi, nikafika mapokezi nikakitandaza kitambaa juu ya meza yake, juu ya daftari la miadi, juu ya kucha zake.

"Dawa ya madoa ingeacha hiki?" nikasema.

Manukato ya hewani yakajipuliza yenyewe, pshh, na mbwa mmoja akapiga chafya.

Mdogo wangu alikiangalia kile kitambaa. Yeye ni daktari, hakuhitaji kukigusa. Aliusoma ukingo mweusi, akasoma unywele wa rangi ya mchanga ulionata, na midomo yake ikakauka mbele ya macho yangu, kama nilivyokuwa nimeomba.

"Hiki ni cha usiku ule," akasema.

"Cha usiku ule. Kijani, kabla ya mtoto wa kwanza."

"Mbona... mbona hukuniletea?"

Loo, nimelala na swali lile, nimeamka nalo, nimelikamua nikalianika! "Nipite wapi?" nikamwuliza. "Wifi, lile tangazo la plastiki linasemaje? Hebu wasomee hawa wateja. Na nikipita, nikuletee wewe unayesema kwa dobi kila doa ni msiba? Haya, msiba huu hapa. Nani amekosea kusoma?" Kisha nikawageukia watu, maana maneno yalikuwa yameshapata mteremko. "Mnaniita dobi. Huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nimemvua nepi. Muulizeni kama kuna hata mmoja kati yenu amewahi kuambiwa hivyo katika nyumba hii."

Hakuna aliyecheka. Yule mama mwenye paka alikuwapo, naapa, na aliangalia chini. Wifi alikuwa amejikunja kwenye kiti chake kama nguo iliyosahauliwa kwenye sinki. Mdogo wangu akafunika uso kwa mikono miwili, akasema, "Dada." Mbele zao wote.

Nitasema ukweli: ilikuwa tamu. Mtu asikudanganye kwamba kisasi ni kichungu. Niliisikia tamu kwenye meno.

Fundi saa alishusha kile kioo kutoka kwenye paji hadi jichoni, akainama juu ya meza, akakikagua kitambaa kutoka kona hadi kona kama anavyokagua saa ya mtu. Halafu akainuka.

"Hiki ulikipata saa ngapi, mama?"

Nami nikajibu haraka, kwa fahari, kwa sababu nilikuwa na jibu na wao hawakuwa nalo. "Saa mbili kasoro kumi."

Alihesabu. Yule mtu kazi yake ni hiyo, na nilimwona anaifanya: mkono mfupi, mkono mrefu.

"Mimi nilikuja saa nne," akasema.

Nikaanza kukikunja kile kitambaa.

"Nilikuuliza."

Hakupandisha sauti. Ningeshukuru angeipandisha. Watu walinigeukia, wateja wote, na mdogo wangu akaondoa mikono usoni akanitazama, na kilichokuwa machoni mwake hakikuwa tena aibu yake. Nilitafuta lile neno nililokuwa nimelipanga, nikakuta lilikuwa la mtu mwingine. Kwa huyu sikuwa nimepanga kitu. Nikasema tangazo, nikasema mlango, nikasema mimi sina elimu, na nikajisikia mwenyewe nikisema.

Alingoja nimalize. Kisha akaenda vizimbani, akarudi na Shangazi kwa kamba, anatembea kwa taabu, jeraha lake limefungwa, matiti yamejaa. Nikadhani wanaondoka. Alinipa kamba mkononi.

"Maziwa yamemjaa na hana wa kumpa," akasema. "Nyumbani anazunguka, anatafuta. Jana daktari aliniruhusu nimpeleke nyumbani kwa muda wa saa mbili tatu nione kama atatulia, hakutulia. Akikuta soksi anaibeba mdomoni, anaiweka pembeni, anailamba. Nikiichukua analia. Mimi nina saa za watu, mikono yangu haiwezi kutetemeka. Kaa naye wewe mpaka maziwa yakauke. Wewe ndiye unayejua kuwasoma."

Nikamwambia, "Mzee, nisamehe."

"Mwombe yeye," akasema, akatoka, akavuka barabara kwenda kibandani kwake.

Leo ni siku ya tisa tangu nipewe ile kamba. Tangazo limebanduliwa. Mablanketi ya zambarau wifi ameyagawa, ananiamkia kwa heshima na haniangalii. Mdogo wangu huja uani kila asubuhi kabla ya saa mbili, anainama juu ya beseni, ananiita dada, tunasoma. Nilichokitaka nimekipata chote, hakikupungua hata kimoja. Lakini akishasoma hunyanyuka haraka, na hakai na mimi.

Shangazi hulala chini ya meza ya pasi. Redio akitua ndoo, yeye ndiye wa kwanza kuamka. Anaingiza pua, anakikagua kila kitambaa, anavichambua kimoja kimoja juu ya saruji, polepole, bila kuruka hata kimoja, kama ninavyofanya mimi. Leo amechagua taulo ndogo. Ameibeba kwa midomo bila kuibana, akaenda nayo kwenye kona, akajizungusha, akalala akaifunika kwa tumbo, akaanza kuilamba.

Taulo zile lazima zifuliwe, zinatakiwa saa nne. Nilichuchumaa nikanyoosha mkono. Hakuningurumia wala hakuninyima. Aliinua uso akanitazama, akasogea kidogo ili nimwone mtoto wake vizuri, akapiga mkia mara mbili.